Asali Safi, Hamira Yenye Njaa

Hapa Tabora watengenezaji wa wanzuki wa nyumbani, yaani pombe ya asali, hawaelewani juu ya chachu, ile lita moja au mbili ya kukuzia hamira siku moja kabla ya kuimimina kwenye pipa. Itiwe chakula cha hamira, au asali na maji vinatosha?

Wanaokataa husema wazee wa Unyamwezi hawakutia unga wowote wa dukani na pombe iliiva. Anayeongeza kitu ana haraka, au anatafuta ukali. Kwa pombe ya nafaka wana haki. Kimea kwa kawaida huja na naitrojeni ya kutosha, labda kipungukiwe zinki kidogo tu. Mwenye chachu ya kimea asihangaike.

Asali ni habari nyingine. Karibu yote ni sukari na maji, na hamira haijengi mwili kwa sukari peke yake. Watengenezaji wa mvinyo huhesabu kwamba kila lita inahitaji angalau miligramu 140 hivi za naitrojeni inayolika na hamira. Asali iliyozimuliwa kwa maji mara nyingi haifiki hata nusu ya hapo. Hamira ikibanwa na njaa huzaana kidogo, hutoa harufu ya yai viza, kisha husimama pipa likiwa bado tamu. Watu hulaumu baridi ya Julai, au maji ya kisima, au mkono wa aliyechanganya.

Na wale wazee? Asali yao ilitoka kwenye mzinga wa gome, ikakamuliwa na masega yake, chavua yake, hata majana, yaani watoto wa nyuki. Chavua na majana vimejaa protini. Wazee waliilisha hamira yao vizuri, ila chakula kilikuwa ndani ya asali yenyewe. Sisi tunaichuja mpaka ing'ae, maana ndivyo soko linavyotaka, halafu tunasema tunafuata desturi yao. Tumeshika nusu ya desturi.

Hofu ya kemikali naielewa, tena ina mahali pake. Chakula kinachotumika sana ni chumvi yenye naitrojeni iitwayo DAP, na jina hilo kila mkulima wa Sikonge au Urambo amelisoma kwenye mfuko wa mbolea. Mbolea hiyo isiguse pombe hata chembe. Haikusafishwa kwa ajili ya tumbo la mtu, na inaweza kubeba kadimiamu, metali yenye sumu, kutoka kwenye mwamba wa fosfeti. Urea pia iachwe, kwa sababu huchangia kuzaa kemikali inayoshukiwa kuleta saratani. Hata DAP iliyosafishwa kwa chakula isitiwe kwenye maji ya kulowekea hamira kavu, kwani huidhuru kabla haijaamka.

Lakini kukataa mbolea si kukataa kulisha. Njia ninayoipendelea iko jikoni: kijiko cha chai cha hamira ya mkate kichemshwe dakika chache kwenye maji ya chachu, mpaka ife. Hamira iliyokufa hupasuka na kuachia naitrojeni na vitamini kwa ile hai itakayofuata. Maji yakishapoa, ongeza gramu 100 hivi za asali kwa lita, kisha hamira hai. Au chukua asali isiyochujwa, yenye chavua yake, kama walivyofanya wazee.