Utafiti wa korosho twauamini, wa dawa twaukimbia

Mtu wa Mtwara hahitaji kufundishwa utafiti ni nini. Naliendele, kituo cha utafiti wa korosho, ipo palepale, na mkulima wa korosho anajua kazi yake: mikorosho hii inapigwa salfa, ile inapigwa dawa nyingine, mingine inaachwa hivihivi, kisha wanaangalia ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, umeshika wapi. Dawa ikithibitika, tunaigombania. Lakini neno hilohilo likitajwa hospitali, mtu anavaa kandambili zake anaondoka. "Wanataka kutujaribia," anasema.

Naishi Birmingham, nahudumia wagonjwa wodini, na hili linaniuma kuliko tofauti ya majengo na mashine. Huku mgonjwa kuombwa aingie kwenye utafiti ni jambo la kawaida. Nesi anavuta kiti, anamsomea karatasi taratibu, anamwambia akikataa atatibiwa vilevile, na akikubali anaweza kujitoa siku yoyote. Wapo wanaokataa, na hakuna anayewanunia.

Corona ilipoingia, utafiti wa RECOVERY ulianza Machi 2020 kwenye hospitali za Uingereza. Kufikia Juni ulishaonyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, inapunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa wagonjwa walio kwenye mashine ya kupumulia. Ulionyesha pia kwamba asiyehitaji oksijeni haimsaidii, na kwamba haidroksiklorokwini, iliyopigiwa debe dunia nzima, haiwaokoi waliolazwa. Kwangu haya ya mwisho yana uzito uleule. Kumwondolea mgonjwa dawa isiyomfaa nako ni kumtibu.

Mtasema hayo ni ya Wazungu. Basi tuzungumze malaria. Aliyewahi kuuguza mtoto kwa dripu ya kwinini hasahau: mtoto analalamika masikio yanavuma, mama kaushika ule mkono usiku kucha sindano isichomoke. Leo mwenye malaria kali anachomwa artesuneti, na wengi hatujiulizi nani aliamua. Ni watoto zaidi ya 5,400 wa nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo. Waligawanywa kwa bahati nasibu, hawa kwinini, hawa artesuneti. Majibu yalitoka 2010: kwa kwinini walifariki karibu 11 katika kila 100, kwa artesuneti chini ya 9. Wazazi wale walikubali huku watoto wao wakiwa mahututi. Kila mtoto wa Lindi anayepona kwa sindano hiyo ana deni kwao.

Woga wa nyumbani siudharau, una historia. Mwaka 1952 na 1953 ugonjwa wa chikungunya uliwalaza watu wa Newala na vijiji vya uwanda wa Makonde, viungo vikiuma hata kusimama shida. Damu ikachukuliwa, kirusi kikatambuliwa, dunia ikaujua ugonjwa kupitia miili ya wazee wetu. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa 2023, Marekani. Mtu wa Newala akiuliza "sisi tulipata nini?" anauliza swali la haki kabisa, na watafiti wanaokuja kwetu wanapaswa kulijibu kabla hawajafungua sanduku la sindano.

Ndiyo maana nataka tafiti za dawa zifanyike kwetu, pale Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mitengo, zikianzia na yanayotusumbua sisi: matende, mabusha, malaria ya wajawazito. Na majibu yasomwe kijijini, kwa Kiswahili, mbele ya waliotoa damu.

Dada zangu na shemeji zangu mlioko huko, mkifuatwa msikimbie. Ulizeni: dawa hii inalinganishwa na ipi? Kibali cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kiko wapi? Nikidhurika nani atanitibu, na kwa fedha ya nani? Majibu mtayaleta lini? Mkiridhika, saini. Msiporidhika, rudisheni karatasi na muendelee na matibabu yenu, ni haki yenu.