Mwenzi wa Kinyumba Kwenye Fomu ya Kodi ya Marekani

Sheria ya kodi ya Marekani inakuruhusu kumwandika mwenzi unayeishi naye kinyumba kuwa tegemezi wako. Masharti ni makali: awe amekaa kwako mwaka mzima, kipato chake cha mwaka 2025 kiwe chini ya dola 5,200, na zaidi ya nusu ya matunzo yake iwe imetoka mfukoni mwako. Ukiyatimiza, unapunguziwa kodi hadi dola 500.

Wanaopinga nafuu hii wana hoja isiyo ya kubeza. Ndoa ni mzigo wa kisheria. Haivunjiki bila talaka, mgawanyo wa mali na pengine matunzo. Wa kinyumba anaweza kufungasha virago kesho asubuhi. Kwa nini hazina ya umma imtuze aliyeukwepa mzigo huo?

Lakini piga hesabu. Kwa mwaka 2025, wanandoa waliojaza fomu ya pamoja waliachiwa dola 31,500 zisizotozwa kodi. Asiye na ndoa, 15,750. Kwa anayetozwa asilimia 12, tofauti hiyo peke yake ni dola 1,890. Tena wanaofunga ndoa tarehe 31 Desemba huhesabiwa wanandoa wa mwaka wote, ilhali wa kinyumba aliyehamia Februari hana chake. Sioni nani angeiacha ndoa kwa ajili ya dola 500.

Kuna sharti jingine linalonikera: uhusiano wenu usivunje sheria ya mahali mnapoishi. Mwaka 1979 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilimnyima mkazi wa North Carolina haki ya kumwandika mwenzi wake kuwa tegemezi, kwa kuwa jimbo hilo lilihesabu kuishi kinyumba kuwa kosa la jinai. Michigan ilifuta kosa la namna hiyo mwaka 2023 tu. Aliyelisha na kumtunza mwenzake ametumia fedha ileile, awe upande gani wa mpaka wa jimbo. Sharti hili lifutwe.

Ukomo wa kipato ndio unaoumiza wengi zaidi. Saa 10 za kazi kwa wiki, kwa dola 10 kwa saa, zinafikisha 5,200 kamili na kumtoa mwenzi kwenye fomu, hata kama kodi ya nyumba, chakula na dawa zake bado ni juu yako. Sharti la kubeba zaidi ya nusu ya matunzo linatosha kumchuja asiyestahili. Kwa nini basi anayejikongoja kutafuta kibarua aadhibiwe pamoja na anayemtunza?