Barazani, Ukumbini na Afya ya Akili

Kijana akionekana barazani saa nne asubuhi, wapita njia husema huyo hana kazi. Huenda kweli hana. Lakini pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, mchezo wa dhumna na kikombe cha kahawa chungu humpa mtu kitu ambacho hospitali haina: wenzake watakaomuulizia asipoonekana siku mbili.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000, likaona kuwa sanaa inasaidia kukinga maradhi na kuwaliwaza wagonjwa. Nayapokea kwa hadhari. Mwenye huzuni nzito hatoki hata chumbani. Anayefika kwenye mazoezi ya muziki huenda alikuwa na nafuu tangu mwanzo. Na mtu asiyepata usingizi wiki nzima, au anayesikia sauti, apelekwe kwa daktari. Kumwambia akacheze bao ni kumchelewesha.

Hata hivyo, tazama vyama vyetu vya taarab. Akhwani Safaa ipo tangu 1905, Culture tangu 1958. Umri huo haukuletwa na maonesho peke yake. Umeletwa na mazoezi ya jioni, ambapo mpiga fidla, mpiga kanuni na waitikiaji kila mmoja ana sehemu yake, na asipokuja pengo lake linasikika. Mzee aliyestaafu, ambaye ofisini hakuna tena anayemhitaji, pale anahitajika. Kwangu mimi hapo ndipo penye dawa, kuliko burudani yenyewe. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanza 2002, kimewafungulia vijana mlango huohuo, wasichana wakiwemo.

Lakini kundi linalomlea mtu linaweza pia kumchoma. Mipasho imewatoa watu machozi mbele ya halaiki. Baadhi ya maskani, yaani vijiwe vya mtaani, zina bendera ya chama cha siasa, na uchaguzi ukikaribia jirani wa upande wa pili hupita mbali. Zaidi ya yote, baraza ni ya wanaume. Mwanamke wa Paje anayefuata maji ya bamvua kwenda kufunga mwani, akirudi anakuta jiko, ndoo na watoto. Kumhimiza apumzike bila kumpunguzia mzigo ni kumtwisha mwengine. Yeye hupumulia kwenye shughuli za harusi, kwenye maulidi, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, na huko nako kuhesabiwe.

Tamasha la muziki la Sauti za Busara, tangu 2004, limeleta wageni, fedha na fahari Ngome Kongwe. Siku za tamasha zikimalizika, jukwaa huvunjwa na upweke wa mtu unabaki palepale. Fungu la fedha za sanaa likiwa dogo, ningelitumia kulipia umeme wa kumbi za mazoezi na nyuzi za udi, Unguja na Pemba, na saa za kukutana wapange kinamama wenyewe, kwani jioni wengi wao wako jikoni.