Mabomu ya Ukwaju

Mama mkwe wangu alitoka Lamu akaingia Mombasa tarehe 6 Aprili 2020, kutusalimia siku tatu. Jioni ile ile serikali ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 8, saa moja usiku, hapana kuingia Mombasa wala kutoka. Nikamuuliza kwa adabu zangu zote, "Mama, tukukatie tiketi ya kesho?" Akanitazama, akasema yeye hakimbizwi na redio.

Siku tatu zikawa 92.

Sisi tunakaa Kibokoni, Mji wa Kale, ghorofa ya pili. Vyumba viwili na ukumbi. Kimoja chetu, kimoja cha watoto watatu, mama tukamtandikia ukumbini. Choo kiko upande wa pili wa ukumbi, na hapo ndipo dhiki yangu ilipoanzia. Mkwe mwanamume, ukishikwa na haja saa nane za usiku, hukatizi mbele ya mama mkwe na kikoi, kifua wazi. Kwa hiyo navaa kanzu. Navaa na kofia. Halafu napiga hodi kwenye mlango wa chumba changu mwenyewe, kutokea ndani. Mama anaitika, "Pita, mwanangu," nami napita nimeinamisha uso, mwendo wa mtu anayekwenda kuswalisha Ijumaa, kumbe naenda msalani.

Kazi yangu ni kutembeza wageni Ngomeni. Miaka 17 nimekuwa nikiwaambia watalii kwamba tarehe 13 Machi 1696 Waomani waliizingira Ngome ya Yesu, na Wareno wakakwama ndani hadi Desemba 1698. Miezi 33. Nilikuwa nikifika hapo nanyamaza kidogo ili wageni wapige picha. Basi tarehe 13 Machi 2020 waziri akatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, nikaiangalia ile tarehe, nikasema hii si bure. Wareno walihimili miezi 33 wakila sijui nini. Mimi wiki ya tatu nilishaanza kugombana na feni.

Nasema kugombana kweli. Ilikuwa na mlio, tik, tik, nami nikawa naijibu.

Tarehe 6 Mei wakafunga na Mji wa Kale wenyewe, hata Markiti hapo karibu hatufiki. Ni Ramadhani, misikiti imefungwa, barazani hapakaliki, na kafyu ni saa moja usiku, yaani ukishafuturu una nusu saa ya kuwa binadamu huko nje kisha unarudi ndani. Kilichonikata maini zaidi ni muuza kahawa. Mtu hujui unavyozipenda zile kelele za vikombe vyake vikigongana mkononi mpaka usiku unapita hujazisikia.

Mke wangu ni mwalimu, na shule zilikuwa zimefungwa tangu katikati ya Machi. Mwalimu asiye na wanafunzi ni mtu wa kuogopwa. Akaniambia, "Baba watoto, una stresi. Wakati unao, mpango huna." Akaleta ubao wa watoto, akauegemeza ukumbini, akaandika ratiba kwa chaki. Yangu mimi. Saa tatu kupumua. Saa nne kusoma. Saa sita kulala kidogo, kidogo kapiga mstari chini yake. Saa nane ufundi mpya.

Tuanze na kupumua. Unavuta pumzi kwa hesabu ya nne, unaizuia kwa hesabu ya saba, unaitoa kwa hesabu ya nane, taratibu, kwa mdomo. Inatuliza moyo, nakiri, siku ya kwanza nilitulia mpaka nikasahau feni. Ila kwenye ile nane natoa sauti kama gurudumu la tuk-tuk lililochomwa msumari, na mama mkwe kakaa pembeni anachambua mbaazi. Akamuuliza bintiye, "Huyu mumeo ana pumu?"

Sasa uchochoro wetu ni wa kupeana sukari dirisha kwa dirisha bila kushuka ngazi. Neno halikai ndani. Kufika alasiri watu watatu wameshanipigia simu, wanauliza kwa upole kama nimeshakwenda kupimwa. Tangu siku hiyo nikaacha kupumua. Kwa ratiba, nasema.

Ufundi mpya wa kwanza ulikuwa kushona kofia. Nilitoboa vitobo vinne kwenye kofia na saba kwenye kidole. Tuyaache hayo.

Wa pili ulikuwa juisi ya ukwaju. Hii nilijua naiweza, nimeinywa tangu utotoni. Nikaomba jiko siku moja, mke wangu na mama wamepumzika. Kilo mbili za ukwaju, lile bonge jeusi lenye kokwa na nyuzinyuzi, nikaliroweka kwenye beseni na maji ya uvuguvugu, nikaliponda kwa mkono mpaka maji yakawa rangi ya mlango wa zamani. Nikachuja kwa kitambaa cha melimeli. Nikatia sukari bila kupima, maana sikuweza kuonja, nimefunga. Chumvi, chembe mbili. Pilipili manga. Halafu iliki: kuna mkebe pale rafuni umeandikwa ILIKI kwa mwandiko wa mke wangu. Nikatia vijiko vitatu vilivyofura.

Hapa lazima nikiri jambo nililowaficha watu wote. Nilikuwa na mafua. Mafua ya masika, kila mwaka Mei yananikuta. Lakini Mei ile, mtu akipiga chafya Mji wa Kale, mtaa mzima unamuona yuko karantini. Kwa hiyo nilikuwa nakwenda kupigia chafya zangu ndani ya mto. Pua imeziba, harufu siisikii. Mdomo umefungwa, ladha siionji. Ningeweza kutia simenti nisijue.

Nikajaza chupa nane za plastiki, zile za soda za lita mbili, nikazikaza vizibo kwa nguvu za mtu mwenye hasira za miezi miwili. Friji ilikuwa imejaa samaki na sambusa za kusubiri kukaangwa, nikazipanga juu ya kabati la vyombo ukumbini, nyuma ya sahani za harusi, zikae siku tatu zikolee. Nani aliniambia juisi inakaa siku tatu kukolea? Hakuna. Niliwaza achari.

Kesho yake nikapanda kigoda kuzikagua. Zimekuwa ngumu kama jiwe. Matako ya chupa yametuna, hazisimami wima tena, zimeegemeana kama wazee waliotoka mazikoni. Nikaigonga moja kwa ukucha, ikalia kama ngoma. Nikashuka nimefurahi. Nikajua zimekolea.

Chini ya lile kabati, mkabala kabisa, ndipo alipokuwa akilala mama mkwe.

Usiku wa pili, saa saba na nusu, haja ikanishika. Nikavaa kanzu nyeupe, kofia, nikapiga hodi. "Pita, mwanangu." Nimefika katikati ya ukumbi, nikasikia *PAH!*

Kizibo kikapiga feni, feni ikakirudisha ukutani. Sijamaliza kushtuka, *PAH!* ya pili, na hii chupa yenyewe iliruka, ikapita juu ya kichwa changu ikitema ukwaju huku na huku, ikavunja sahani za harusi njiani. Ya tatu ikanipiga kifuani. Ya nne na ya tano sikuzihesabu, nilikuwa chini ya meza. Mama anatoa shahada kwa sauti ambayo nadhani hata Likoni waliisikia. Akimaliza anaanza tena. Watoto wametoka wanapiga mayowe, mkubwa analia, wa mwisho anashangilia.

Nikajikokota hadi dirishani nipate hewa. Dirisha la mbele likafunguka, tochi ikanimulika. Naomba ujione wewe ndiye jirani: usiku wa manane, kafyu, umesikia milio mitano, na mbele yako amesimama mtu mwenye kanzu nyeupe, kifua hadi miguuni amelowa kitu cheusi-chekundu kinachotiririka.

"Yallah! Wamempiga risasi! Wamemmaliza!"

Madirisha yakafunguka mtaa mzima. Na chini, uchochoroni, viatu vya askari wa doria vikaja mbio.

"Nani hapo juu? Nani amepiga risasi?"

Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Hapana risasi, afande! Ni Ukwaju!"

Kimya kidogo. Kisha, "Mwambie huyo Ukwaju ashuke na mikono juu!"

"Afande, Ukwaju si mtu!"

"Hata kama ni mnyama, ashuke!"

Wakapanda wawili, barakoa zao ziko kidevuni. Mke wangu kashajitanda buibui, kasimama mlangoni na fagio. Mama kakaa juu ya kitanda wima, nywele zimelowa, nyuzi za ukwaju zimemganda kwenye paji la uso, hasemi neno. Afande mkubwa akamulika dari. Akamulika vigae vya sahani. Akainama, akachovya kidole sakafuni, akanusa.

"Mzee," akasema, na sauti ilibadilika ikawa ya huruma, "unatengeneza pombe?"

Mimi! Ramadhani! Mbele ya mama mkwe!

"Ni juisi, afande. Ukwaju, sukari, iliki."

"Mimi najua harufu ya kitu kilichochachuka, mzee. Sikuzaliwa jana. Huu ni mnazi wa ukwaju."

Mke wangu akaweka fagio chini. Aliliweka polepole, na mimi nikamjua. "Iliki uliitoa wapi?"

"Kwenye mkebe wa iliki."

"Mkebe upi?"

"Ulioandikwa iliki!"

"Ule una hamira," akasema. "Tangu mwaka jana una hamira. Kila mtu nyumba hii anajua."

"Na iliki iko wapi?"

"Kwenye mkebe wa majani ya chai."

Nisingeuliza majani ya chai yako wapi hata kwa mtutu wa bunduki, na mtutu ulikuwepo. Lakini ndipo mambo yakaeleweka. Vijiko vitatu vya hamira, sukari isiyo na kipimo, joto la Mombasa, vizibo vimekazwa. Hamira inakula sukari inatoa hewa, ile ile inayofurisha mahamri. Tofauti ni kwamba mahamri hayana kizibo. Mke wangu aliwaeleza askari yote hayo kwa mpangilio, kama darasa la saba, na yule mdogo akawa anaitikia kwa kichwa. Afande mkubwa hakuridhika. Akatoa kitabu. Akaniuliza jina.

Nikafungua mdomo kumtajia. Badala ya jina ikatoka chafya.

Si chafya moja. Zilikuwa zile za siku tano nilizokuwa nikizizika kwenye mto, zote zilikuja pamoja, kwa foleni. Nilipofumbua macho barakoa zimeshapanda hadi kwenye nyusi, askari mdogo yuko ngazi ya nne, na mkubwa anarudi kinyumenyume huku ananyoosha kidole: "Tumeona, mzee. Tumeona. Lala. Usitoke. Usituguse." Viatu vikashuka ngazi, nikavisikia vinatoweka kuelekea Ndia Kuu kwa kasi kuliko vilivyokuja.

Nikageuka. Mke wangu kaweka kona ya buibui puani. Watoto wamejifungia chumbani. Chupa tatu bado ziko kabatini, zimetuna, zinasubiri.

Na mama mkwe, ambaye mpaka hapo hakuwa amesema lolote, akajifuta uso kwa kanga, akaramba pembe ya mdomo wake, maana futari ilikuwa imeruhusu na daku halijafika. Akawaza kidogo.

"Sukari imepungua," akasema. Kisha akakumbuka hamira, akatema, akaomba mayi asukutue.

Nilipimwa. Sikuwa na korona. Chupa tatu mke wangu alizifungua mwenyewe bafuni, moja moja, kajifunika taulo kichwani, sisi wengine tumelala kifudifudi. Ratiba ilifutwa na ukwaju yote, ubaoni pakabaki *kidogo* na mstari wake chini.

Doa la darini halikutoka. Tulijaribu sabuni, tukajaribu ndimu, tukajaribu brashi ya viatu. Linaanzia kwenye boriti, linakwenda kwa tumbo pana, limechongoka mbele. Mama alikuwa akilala analitazama, na siku moja akamwita mwanangu wa mwisho, akamwambia apande kigoda na kipande cha mkaa, akawa anamwelekeza kutoka kitandani: mlingoti hapo, tanga hapo, hapana, Lamu hatushoni tanga hivyo, liinamishe. Ngomeni tunao ukuta ambao askari wa Kireno waliuchora meli kwa kukosa la kufanya, na nimewaonyesha wageni mara elfu nikiwa na uso wa heshima. Nililala chali sakafuni nikaangalia la kwangu, feni inasema tik, tik.

Tarehe 7 Julai Mombasa ikafunguliwa, mama akapanda basi na kikapu chake kimoja. Usiku wa kwanza nilikwenda msalani na kikoi, kifua wazi, na katikati ya ukumbi nikajikuta nimesimama nangoja kuambiwa nipite.

Hupiga simu kila Ijumaa. Anamuuliza bintiye habari za watoto, habari za shule, kisha husema nipewe mimi.

"Mwanangu, jahazi langu lingaliko?"

"Lipo, mama."

"Basi musilipake rangi."