Nyumba za udongo za Ujiji haziuawi na uzee
Mwandishi mmoja anasema nyumba kongwe za udongo kwenye mtaa wa zamani wa Ujiji, Kigoma, zimechoka, hazitengenezeki, kwa hiyo dawa ni kuzivunja na kujenga za matofali ya saruji. Sikubaliani naye hata kidogo, maana nyingi zinauawa na saruji hiyohiyo. Nyumba ya babu yangu ilikuwa ya udongo, lipu ya chokaa, baraza mbele. Baba mdogo akaipiga lipu ya saruji ili ipendeze. Misimu miwili tu ya mvua, lipu ikaanza kubanduka mapande mapande, na udongo nyuma yake umelowa kama uji. Ukuta wa udongo hunyonya unyevu na lazima uutoe. Chokaa inauachia, saruji inaufungia ndani. Tena tulipoezeka bati tulilikata fupi, mvua ikawa inapiga ukuta moja kwa moja (zamani paa lilishuka hadi juu ya baraza). Na Ujiji una historia: hapa ndipo mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mvumbuzi Livingstone mwaka 1871, ulikuwa mji wa misafara. Tukibomoa nyumba, utabaki mnara wao wa kumbukumbu tu. Je, Ujiji au mtaa wa Mwanga hapa Kigoma kuna fundi ambaye bado anajua kuroweka chokaa na kuipiga ukutani?