Mgombea mhafidhina wa Texas akiahidi kufuta kodi ya majengo, mwulize hela itatoka wapi

Kila msimu wa kura za mchujo Texas, masanduku ya barua hujaa vipeperushi vinavyofanana: mgombea na familia yake, bendera nyuma, na ahadi nne tano. Kodi ya majengo ifutwe. Wazazi wachague shule. Mpaka ulindwe. Serikali iwe ndogo na mamlaka yarudi kwa wenyeji. Mimi sigombani na uhafidhina wa ahadi hizi. Zipo ambazo wahafidhina wamezitimiza na zimewasaidia watu. Ninachogombana nacho ni kwamba baadhi yake haziko kabisa mikononi mwa mbunge wa jimbo, na zile zilizo mikononi mwake mara nyingi huivunja ile ya mwisho.

Kwanza tujue anaomba kazi gani. Baraza la Wawakilishi la Texas lina wabunge 150 na Seneti ina 31. Kikao cha kawaida ni cha siku 140 tu, tena katika miaka witiri, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari. Mshahara ni dola 7,200 kwa mwaka, ukiacha posho za vikao, kwa hiyo karibu kila mbunge ana shughuli nyingine inayomlisha, na ni haki ya mpiga kura kuuliza ni shughuli gani. Katika siku hizo 140 maelfu ya miswada hugombania nafasi. Mtu mwenye ahadi kumi hana ahadi hata moja mpaka aseme ipi ataanza nayo.

Sasa kodi ya majengo, maana ndiyo inayouma. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, na tangu 2019 katiba yenyewe imeipiga marufuku. Sehemu kubwa ya hela ya shule, polisi wa mji na hospitali ya kaunti inatoka kwenye nyumba na viwanja. Viwango havipangwi bungeni Austin. Bodi ya wilaya ya shule hupanga chake, halmashauri ya mji chake, makamishna wa kaunti chao, na thamani ya nyumba hukadiriwa na ofisi ya tathmini ya kaunti. Mbunge hana kura katika vikao hivyo. Anachoweza ni kubadili kiasi cha thamani kinachosamehewa, kuweka ukomo wa ongezeko, na kurekebisha kanuni ya mchango wa jimbo kwa shule.

Hapo Warepublican wamefanya kazi, tuwape haki yao. Msamaha wa kodi ya shule kwa nyumba unayoishi mwenyewe, ule watu wanaouita homestead, ulikuwa dola 25,000. Ulipanda hadi 40,000 mwaka 2022, hadi 100,000 mwaka 2023, na hadi 140,000 mwaka 2025, kila mara kwa kura ya wananchi. Chukua nyumba ya dola 300,000 katika wilaya ya shule inayotoza dola 1 kwa kila dola 100. Bila msamaha ungelipa 3,000. Kwa msamaha wa sasa inatozwa 160,000 tu, yaani unalipa 1,600. Pengo la shule hujazwa na hazina ya jimbo. Mwenye miaka 65 na kuendelea, au mwenye ulemavu, anaongezewa 60,000, hivyo 200,000 haziguswi. Anayebeza nafuu hiyo hajawahi kulipa bili ya kodi hii, ambayo mwisho wake ni Januari 31.

Ila nafuu haiji yenyewe, na kipeperushi hakikuambii hilo. Unajaza fomu namba 50-114 na kuipeleka ofisi ya tathmini ya kaunti yako, bure. Anwani kwenye leseni ya udereva sharti ilingane na ya nyumba. Familia zinazohama na kusahau kubadili leseni ndizo zinazokwama hapa. Barua yenye sura ya serikali inayokudai hela ili ikujazie fomu, tupa. Ukichelewa, unaweza kudai msamaha wa hadi miaka miwili nyuma. Na tangu 2023 sheria inailazimu ofisi kukagua kila msamaha angalau mara moja kwa miaka mitano: barua ya ukaguzi ikija nawe ukainyamazia, msamaha unaweza kufutwa na bili ikaruka.

Kuna mtego mwingine. Thamani inayotozwa ya nyumba unayoishi haipandi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Nyumba iliyokuwa inatozwa kwa 250,000, soko likaipa 300,000, mwaka huu itatozwa kwa 275,000. Mwaka ujao inaweza kufika 300,000 hata kama soko limesimama palepale. Ndiyo maana watu huona kodi inapanda wakati bei za nyumba zimelala, wakamlaani diwani aliyepunguza kiwango. Mgombea anayeahidi kuushusha ukomo uwe asilimia 5 anawapendelea waliokaa muda mrefu, kwa sababu nyumba ikiuzwa ukomo unafutika na mnunuzi huanza na bei ya soko. Wageni na wanandoa wanaonunua nyumba ya kwanza ndio wataubeba mzigo uliohamishwa. Mpangaji hana msamaha wowote, ingawa kodi ya jengo imo ndani ya hela anayompa mwenye nyumba kila mwezi.

Wakati mgombea anahubiri, wewe pinga tathmini. Mwisho ni Mei 15 au siku 30 baada ya notisi kutumwa, ipi itakayochelewa. Nenda na bei za nyumba zinazofanana na yako zilizouzwa karibu na Januari 1. Peleka picha za nyufa za msingi pia (udongo wa mfinyanzi wa Dallas na Houston huvimba mvua ikinyesha na kusinyaa kiangazi, na msingi hupasuka) pamoja na makadirio ya fundi yaliyoandikwa. Kulalamika kwamba kodi ni kubwa hakusaidii. Bodi inayosikiliza pingamizi za tathmini inajali thamani tu. Na huhitaji kuwa raia kupinga. Inatosha nyumba kuwa yako.

Turudi kwenye ile ahadi ya kufuta kabisa. Kodi za majengo zote Texas ni takriban dola bilioni 80 kwa mwaka. Kodi ya mauzo ya jimbo, ambayo ni asilimia 6.25, haifikishi bilioni 50. Ukiiziba ya kwanza kwa ya pili, kiwango kitapanda zaidi ya mara mbili, au vyakula na dawa ambavyo sasa havitozwi vitaanza kutozwa. Anayekodi chumba na kununua nguo za watoto atalipa zaidi ili mwenye jumba lake asilipe kitu. Mgombea makini husema anataka kufuta sehemu ya shule tu, kidogo kidogo, kwa ziada ya bajeti. Hilo linajadilika. Anayesema "kufuta" kisha akakaa, ana wimbo, hana mpango.

Swali ninalolipenda zaidi ni la madeni. Sheria ya 2019 inazitaka kaunti na miji mingi kuitisha kura zikitaka mapato ya kodi ya uendeshaji kutoka kwenye mali zilezile yapande zaidi ya asilimia 3.5. Ukomo huo haugusi sehemu ya kodi inayolipa madeni. Kwa hiyo mji uliobanwa hukopa. Tena kuna hati za deni ambazo halmashauri inaweza kuzitoa bila kura. Wananchi wakitaka kura, lazima wakusanye saini za asilimia 5 ya wapiga kura walioandikishwa. Mhafidhina wa kweli wa pesa za umma anapaswa kuwa na msimamo kuhusu hati hizo. Wengi hawana.

Kuhusu shule: vocha, yaani hela ya jimbo ya kumlipia mtoto shule ya binafsi, zilikwama miaka mingi kwa sababu ya wahafidhina wenyewe. Novemba 2023 Baraza lilizitoa kwenye mswada kwa kura 84 dhidi ya 63, na Warepublican 21 walikuwa kati ya hao 84. Wengi wao walitoka vijijini, ambako shule ya binafsi ya karibu inaweza kuwa kaunti ya pili, na wilaya ya shule ndiyo mwajiri mkubwa. Gavana Greg Abbott aliingia kwenye mchujo wa 2024 na kuwaunga mkono wapinzani wao, kadhaa wakaanguka, na Mei 2025 akatia saini sheria iliyotenga dola bilioni 1. Mtoto anayekwenda shule ya binafsi anapata dola 10,000 na kitu, mwenye ulemavu hadi 30,000, anayesomea nyumbani 2,000, kuanzia mwaka wa masomo wa 2026/2027. Maombi yakizidi fedha, wenye ulemavu na wenye kipato cha chini hutangulizwa.

Mimi siipingi hela kumfuata mtoto. Napinga kuambiwa kwamba mzazi ndiye anachagua, wakati shule ya binafsi ina haki ya kumkataa mtoto, na ada ikizidi vocha tofauti ni ya mzazi. Halafu linganisha: mwaka huohuo kiasi cha msingi kwa mwanafunzi wa shule ya umma, kilichokuwa 6,160 tangu 2019, kiliongezwa dola 55. Ziko fedha nyingine zilizotengwa kwa mishahara ya walimu, lakini 55 ndiyo namba ya kumwekea mgombea mezani.

Na sasa hayo mamlaka ya wenyeji. Novemba 2014 wapiga kura wa mji wa Denton, karibu asilimia 59, walipiga marufuku upasuaji wa miamba kutafuta gesi ndani ya mji wao. Mei 2015 jimbo likapitisha sheria ya kuinyang'anya miji yote uwezo huo. Mwaka 2023 ikaja sheria ya HB 2127, inayozuia miji kutunga kanuni katika maeneo mapana kama kazi, kilimo na biashara. Austin na Dallas zilikuwa na kanuni ya kumpa fundi wa ujenzi dakika 10 za kupumzika na kunywa maji kila baada ya saa nne. Hiyo ni kanuni ndogo kuliko zote, na sheria hiyo imetungwa kuzifuta za namna hiyo.

Sisemi jimbo likiingilia ni kosa kila mara. Sheria ya 2025 inayoikataza miji mikubwa kudai viwanja zaidi ya futi za mraba 3,000 katika maeneo mapya ya makazi yenye ekari 5 au zaidi ni nzuri, kwa sababu madiwani ndio walioyafanya makazi ya bei nafuu yasijengeke. Lakini basi mgombea aseme ukweli: mamlaka yanarudi kwa wenyeji pale tu wenyeji wanapokubaliana naye.

Suala la mpaka na Mexico nitalipita haraka. Uhamiaji ni kazi ya serikali kuu ya Washington. Jimbo limemwaga zaidi ya dola bilioni 11 kwenye operesheni yake tangu 2021, na hizo ni hela ambazo mbunge anazipigia kura. Mwulize ngapi zaidi, na zitoke fungu gani.

Katika majimbo mengi ya uchaguzi Texas, mshindi hupatikana kwenye mchujo wa Machi, si Novemba. Texas huandikishi chama. Unachagua karatasi ya chama kimoja siku hiyo, lakini ukishapiga ya Democrat huwezi kuvuka kwenda duru ya pili ya Republican mwezi Mei. Jiandikishe siku 30 kabla. Asiye raia asiguse daftari la wapiga kura hata akibembelezwa, kwa kuwa kosa hilo linaweza kumfukuzisha nchini.

Kama mgombea yumo bungeni tayari, kura zake ziko wazi kwenye tovuti ya bunge, mswada kwa mswada. Kama ni mgeni, angalia nani anamlipia. Texas haina ukomo wa mchango wa mtu binafsi kwa mgombea ubunge wa jimbo, hivyo tajiri mmoja anaweza kugharimia kampeni nzima. Taarifa za michango hupelekwa Tume ya Maadili ya Texas, na mwenye mpinzani hutoa nyingine siku 30 na siku 8 kabla ya kura. Ile ya siku 8 ndiyo ya kusoma, maana hapo ndipo hela kubwa za mwishomwisho hujitokeza.