Ngozi inayobaki baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo: nani ana haki ya kulalamika?

Mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo hutoka hospitalini akiwa amevimba, amefungwa mkanda na anatembea ameinama, kwa hiyo kwa wiki kadhaa hakuna mtu, akiwamo yeye mwenyewe, anayeweza kusema kwa hakika matokeo yamekuwaje. Mabishano huanza uvimbe unaposhuka. Anagundua kwamba ngozi iliyo juu ya kitovu bado inajikunja anapokaa, kwamba kwenye ncha mbili za kovu, karibu na nyonga, kumebaki vinundu vya ngozi na mafuta, au kwamba tumbo limepungua lakini halikuwa bapa kama alivyotarajia. Anasema fedha zake zimepotea bure. Daktari anajibu kwamba upasuaji ulikwenda vizuri na kwamba ngozi ya mgonjwa ndiyo iliyokuwa imechoka. Nimejaribu kuzipima hoja za pande zote mbili, na naona kila upande unasema kweli juu ya jambo fulani, ingawa si kwa uzito ulio sawa.

Suala hili limetufikia hata sisi wa Dodoma. Tangu serikali ilipohamia huku na mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, wameongezeka watu wenye mshahara wa uhakika na uwezo wa kukopa, na huduma yenyewe imekaribia: hata Muhimbili, ambayo ni hospitali ya umma, sasa inatoa upasuaji wa namna hii katika tawi lake la Mloganzila. Si upasuaji mpya duniani. Mwaka 1899 Howard Kelly, daktari wa Baltimore nchini Marekani, alieleza jinsi alivyoondoa ngozi na mafuta yaliyoning'inia tumboni, na katika miaka ya 1960 Ivo Pitanguy wa Brazil aliutangaza mtindo wa kuliweka kovu chini kabisa, mahali panapofichwa na nguo ya ndani. Katika upasuaji kamili wa siku hizi, daktari hukata kutoka nyonga moja hadi nyingine, huinua ngozi yote mpaka karibu na mbavu, huishona pamoja misuli miwili mirefu ya katikati ambayo ujauzito uliisukuma kando, kisha huivuta ngozi chini, hukata inayozidi na kukitolea kitovu tundu jipya.

Nianze na hoja ya mgonjwa, kwa sababu mara nyingi ndiyo inayopuuzwa. Upo upasuaji mdogo unaoshughulikia sehemu iliyo chini ya kitovu peke yake. Kovu lake ni fupi, kitovu hakihamishwi, na kwa kawaida gharama yake ni ndogo kuliko ya upasuaji kamili. Kwa mwanamke mwembamba ambaye ngozi yake imelegea chini tu, unafaa sana. Lakini akifanyiwa mama wa watoto wanne ambaye ngozi yake imelegea juu na chini, hakuna namna ngozi ya juu ya kitovu itakavyokaza, maana haikuguswa. Mama huyo akilalamika kwamba tumbo la juu limebaki kama lilivyokuwa, halalamiki kwa kukosa shukrani. Alihitaji upasuaji mmoja akapewa mwingine, ama kwa sababu ya bei, ama kwa sababu alisema anaogopa kovu refu na hakuna aliyemweleza kuwa hofu hiyo nayo ina gharama yake.

Hata upasuaji kamili una mwelekeo wake. Mshono unaopita kutoka nyonga hadi nyonga huvuta ngozi kutoka juu kwenda chini, na kwa hiyo huondoa ulegevu wa mwelekeo huo tu. Fundi cherehani analijua jambo hili vizuri: gauni linalopwaya kiunoni halitengenezwi kwa kupandisha pindo. Mtu aliyepungua kilo nyingi, kwa mazoezi, kwa dawa au kwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, mara nyingi huwa na ngozi iliyolegea pande zote, na kumwondolea ulegevu wa upana kunahitaji mshono wa pili unaopanda wima katikati ya tumbo, au upasuaji unaozunguka kiuno kizima hadi mgongoni. Wengi hawalitaki kovu hilo la wima, na wana haki ya kulikataa. Ila anayelikataa anakubali kubaki na ngozi fulani, na makubaliano hayo yanapaswa kuzungumzwa kwa maneno yanayoeleweka, tena kabla ya siku ya kulazwa. Fomu ya ridhaa inayosainiwa asubuhi ya upasuaji, mgonjwa akiwa na njaa na hofu, siioni kuwa mazungumzo.

Upande wa daktari nao una hoja nzito, na ya kwanza ni ya usalama. Ngozi iliyoinuliwa kutoka kwenye misuli hupoteza sehemu kubwa ya mishipa iliyokuwa ikiilisha damu, na kadiri inavyovutwa kwa nguvu ndivyo damu inavyopita kwa shida. Ikivutwa kupita kiasi, sehemu ya katikati karibu na mshono hukosa damu, hubadilika rangi kuwa nyeusi na kufa, na jeraha lake huweza kuchukua miezi kupona. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mvutaji wa sigara, ndiyo maana madaktari hutaka aache angalau wiki nne kabla na wiki nne baada ya upasuaji, na kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa. Makovu ya zamani nayo yana neno. Kovu la upasuaji wa uzazi lililo chini, la mlalo, kwa kawaida halileti shida kwa sababu huondolewa pamoja na ngozi inayokatwa, lakini kovu lililo chini ya mbavu za kulia, lililoachwa na upasuaji wa zamani wa kutoa kibofu cha nyongo, hukata njia ya damu na humlazimu daktari ainue ngozi kidogo na kuivuta kidogo. Daktari anayemwachia mgonjwa wa namna hiyo ngozi kiasi juu ya kitovu amemkinga na jeraha baya, na mimi namuunga mkono kabisa.

Hoja yake ya pili inahusu kitambi. Mafuta ya tumbo yako katika matabaka mawili. Yapo yaliyo chini ya ngozi, ambayo mtu anaweza kuyashika kwa vidole na ambayo mtaani huitwa nyama uzembe, na yapo yaliyo ndani, nyuma ya misuli, yakizunguka utumbo. Kisu cha upasuaji huu hakiyafikii ya ndani, wala mashine ya kunyonya mafuta haiyafikii. Mtu ambaye tumbo lake ni gumu na limetokeza mbele hata akilala chali ana mafuta mengi ya ndani, na akishonwa misuli bado atatokeza, kwa sababu kilichomo hakijapungua. Yanapungua kwa lishe, mazoezi na muda. Mgonjwa wa aina hii akimlaumu fundi wa kisu, lawama imekosea mlango.

Sasa tuje kwenye utetezi unaotumiwa kuliko wote, kwamba ngozi ilikuwa dhaifu. Ni kweli. Michirizi ya ujauzito ni alama ya nyuzi za ngozi zilizokatika, na nyuzi hizo hazirudi kuwa kama zamani. Ngozi iliyobeba unene kwa miaka mingi nayo hupoteza mvuto wake, kwa hiyo hata ikikazwa vizuri mezani hulegea tena kiasi katika miezi inayofuata. Lakini udhaifu huo haukuzaliwa baada ya upasuaji. Ulikuwepo siku ya kwanza mgonjwa alipopanda kitanda cha uchunguzi, unaonekana kwa macho na kupimika kwa kubana ngozi kwa vidole viwili, akiwa amesimama, amekaa na ameinama. Daktari aliyeuona na kuusema mapema, akaonyesha ni ngozi ipi itakayobaki, ana haki ya kuukumbusha baadaye. Asiyeusema, akaja kuukumbuka malalamiko yalipofika, anatumia kama kinga jambo ambalo kwa kweli ni ushahidi dhidi yake. Hapa ndipo mizani yangu inapoelemea upande wa mgonjwa: kati ya wawili hawa, mmoja tu alikuwa na ujuzi wa kutabiri, na huyo ndiye aliyepokea malipo.

Kwa haki hiyo hiyo, malalamiko mengine ni ya mapema mno. Uvimbe mkubwa huchukua kama miezi mitatu kushuka, na mabaki yake huweza kuendelea hadi mwaka mmoja. Kovu hupitia wekundu au weusi na ugumu kabla ya kutulia kati ya miezi 12 na 18. Ndiyo maana madaktari makini hawakubali kurudia kukata kabla ya miezi sita, na wengi husubiri mwaka. Kuna mambo machache, hata hivyo, yasiyosubiri. Tumbo linalotikisika kama lina maji huenda lina majimaji yaliyojikusanya chini ya ngozi, na yasipotolewa hujijengea mfuko unaobaki kama uvimbe wa kudumu. Homa, harufu mbaya au ngozi kuwa nyeusi ni dharura, na vivyo hivyo mguu kuvimba au kifua kubana, kwani huenda damu imeganda kwenye mshipa.

Niingize hapa onyo ambalo silisikii likitolewa vya kutosha. Katika familia zetu mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto na kufungwa tumbo kwa kanga, na ndugu wenye upendo wanaweza kudhani kwamba aliyepasuliwa tumbo anahitaji kukandwa vilevile ili ngozi irudi. Asikandwe. Baada ya upasuaji huu ngozi ya chini ya kitovu huwa na ganzi kwa miezi mingi, haihisi joto, na kitambaa cha maji ya moto kinaweza kuiunguza kabla mwenyewe hajajua. Mkanda aliopewa hospitalini, unaovaliwa kwa wiki zipatazo sita, husaidia kushusha uvimbe, lakini nao haukazi ngozi, sawa na chai na krimu za kukaza tumbo zinazouzwa kila kona.

Wapo wanaosema kwamba mjadala mzima ni wa anasa, na kwamba aliyejitafutia urembo abebe matokeo yake. Siafikiani nao. Mwaka 2018 madaktari wa Australia walichapisha matokeo ya wanawake 214 waliokwisha kuzaa na kufanyiwa upasuaji huu pamoja na kushonwa misuli, na ndani ya miezi sita maumivu ya mgongo na tatizo la mkojo kuvuja yalikuwa yamepungua sana. Utafiti ule haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo usitiliwe chumvi, na mazoezi ya misuli chini ya mtaalamu wa viungo huwasaidia baadhi ya wanawake bila kisu. Hata hivyo unatosha kuonyesha kwamba mwanamke mwenye upele na michubuko chini ya ngozi inayoning'inia, au asiyeweza kunyanyua ndoo bila mgongo kuuma, hatafuti kioo peke yake.

Jambo linalotuhusu zaidi Watanzania ni uzazi. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonyesha wastani wa watoto 4.8 kwa mwanamke, na mimba baada ya upasuaji hunyoosha upya ngozi na misuli iliyoshonwa. Mimba yenyewe kwa kawaida si hatari kwa mama wala mtoto, ila kazi iliyofanyika huweza kuharibika. Mwanamke ambaye bado anafikiria mtoto mwingine, au ambaye uzito wake haujatulia kwa angalau miezi sita, angoje. Ngozi zetu nyeusi pia zina mwelekeo mkubwa zaidi wa kuota makovu manene ya keloidi, na mwenye kovu la namna hiyo sikioni au kifuani anapaswa kulionyesha kabla, maana kovu la tumboni linaweza kuenea kutoka nyonga hadi nyonga.

Linabaki suala la umbali. Anayetoka Kondoa, Mpwapwa au hapa mjini akapasuliwe Dar es Salaam, kilomita zipatazo 450, au nje ya nchi, anarudi nyumbani wakati ambao uangalizi bado unahitajika. Treni ya kisasa iliyoanza safari mwaka 2024 imeirahisisha njia, lakini kukaa kitini kwa saa nyingi katika siku za mwanzo huongeza hatari ya damu kuganda, na daktari wa Dodoma anayepokea kidonda asichokishona hufanya kazi gizani ikiwa mgonjwa hana karatasi. Aondoke na taarifa iliyoandikwa: ni upasuaji wa aina gani, misuli ilishonwa au la, ni kiasi gani cha ngozi kilichotolewa, ni dawa zipi alizopewa. Ahakikishe pia mapema kwamba daktari wake amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na ni bingwa wa upasuaji rekebishi.

Na kwa kuwa bima ya afya kwa kawaida hailipii upasuaji wa urembo, suala la marekebisho lisiachwe kwenye huruma ya mtu. Madaktari wengi hawadai malipo yao wenyewe wanaporudia kurekebisha vinundu vya nyonga au ngozi kidogo iliyobaki, lakini chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi na kitanda vina bei yake, na hapo ndipo wagonjwa hushtuka. Iandikwe kabla ya upasuaji wa kwanza ni kasoro ipi itakayorekebishwa, baada ya miezi mingapi, na nani atalipia kipi. Aliyesafiri kutoka Dodoma aongeze nauli na siku za kulala katika hesabu hiyo.